Saa za Mchana Zisizokuwa na Mwenyewe

Mwaka 1961 nyota wa burudani hawakuwa wakiishi Cleveland. Mji huo wa viwanda vya chuma, kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, ulikuwa na moshi, wafanyakazi wengi na okestra ya kuheshimika, lakini filamu zilitengenezwa Hollywood na vipindi vikubwa vya televisheni vilitoka New York au Los Angeles. Hata hivyo, mwezi Desemba mwaka huo, kituo cha KYW cha mjini hapo kilianza kurusha kipindi cha mazungumzo cha dakika 90, chenye muziki na wageni mashuhuri, kila siku ya kazi, mchana.  

Wageni mashuhuri wangetoka wapi? Swali hilo lilimkabili Woody Fraser, mtayarishaji aliyebuni kipindi hicho, na jibu lake ndilo lililokipa sura. Badala ya kumbembeleza mwimbaji asafiri hadi Ohio kwa ajili ya wimbo mmoja na dakika kumi za maongezi, Fraser alimwalika akae juma zima, Jumatatu hadi Ijumaa, kama mtangazaji mwenza. Mgeni huyo aliketi karibu na mwenyeji, aliimba, aliwahoji wageni waliofuata, pengine alipika, na siku ya tano aliagwa kama mtu wa nyumbani. Siku tano za kazi yenye malipo zilikuwa sababu ya kutosha ya kupanda ndege. Kwa watazamaji faida ilikuwa kubwa zaidi. Nyota akionekana kwa dakika kumi huwa amevaa sura yake ya kazi, ila siku tano ni nyingi mno kwa mtu kujificha. Kufikia Jumatano kicheko chake halisi kilikuwa kimeshatoka.

Mwenyeji mwenyewe hakuwa mtu wa kutetemesha mji. Mike Douglas alizaliwa Chicago mwaka 1920, jina lake halisi likiwa Michael Delaney Dowd. Jina la jukwaani alipewa na Kay Kyser, kiongozi wa bendi aliyemwajiri kuimba baada ya Vita Kuu ya Pili. Sauti yake inasikika hadi leo na watoto wa dunia nzima ambao hawamjui, kwa maana yeye ndiye aliyeimba sehemu za mwana wa mfalme katika filamu ya Disney ya Cinderella ya mwaka 1950. Kisha rock 'n' roll ikaingia, na waimbaji wa mtindo wake wakakosa kazi kwa makundi. Fraser, aliyemfahamu tangu enzi za Chicago, alimkuta California akiimba kwenye vilabu vya usiku na kununua nyumba chakavu, kuzikarabati na kuziuza. Malipo aliyopewa Cleveland yalikuwa dola 400 kwa juma.

Alikuwa na vipaji viwili ambavyo wakosoaji walivichukulia kwa wepesi kupita kiasi. Aliweza kuimba wimbo wowote bila kuuharibu, na aliweza kumsikiliza mtu. Hakushindana na mgeni wake, wala hakumkatiza ili aonekane yeye mjanja. Waandishi wa magazeti walimwona mtu laini, asiye na makali. Huo ulaini ndio uliowafanya wageni wafunguke, na siku zilipokuja za wageni ambao nusu ya nchi iliwaogopa, ulikuwa na kazi kubwa kuliko makali ya mwandishi yeyote wa habari.

Kwa nini mchana? Kwa sababu hakuna aliyeugombania. Mitandao mitatu mikubwa ya Marekani, yaani NBC, CBS na ABC, iliweka fedha na nguvu zake kwenye saa za jioni, baba akiwa amerudi kazini na familia nzima imeketi mbele ya runinga. Mchana uliachiwa michezo ya zawadi na tamthilia za mfululizo zilizodhaminiwa na watengenezaji wa sabuni. Waliokuwa nyumbani wakati huo wengi wao walikuwa akina mama, na imani iliyotawala ofisini ni kwamba mwanamke anayepiga pasi hahitaji kitu kigumu. Imani hiyo ilikuwa dharau tupu. Lakini pale wakubwa wasipoangalia kwa makini, watu wenye mawazo hupata nafasi ya kufanya mambo, na miaka ishirini ya Mike Douglas inaonyesha hivyo kwa mifano mingi.

Westinghouse, kampuni iliyomiliki KYW, haikuwa mtandao wa taifa. Ilikuwa na vituo vitano tu, Cleveland kikiwemo pamoja na Boston, Pittsburgh, Baltimore na San Francisco. Kipindi kilipopata nguvu ilikisambaza kwenye vituo vyake, kisha ikaanza kukiuza kwa rejareja, kituo kwa kituo, nchi nzima. Kanda za video za upana wa inchi mbili, nzito kama mzigo wa sokoni, zilisafirishwa kutoka mji hadi mji. Kituo kimoja kikimaliza kurusha, kilikipelekea cha pili. Kwa hiyo mama wa Texas angeweza kumwona leo mgeni ambaye mama wa Pennsylvania alimwona majuma kadhaa nyuma. Utani wa habari za asubuhi haukuwa na maana katika mfumo kama huo. Mazungumzo yalilazimika kuwa ya mambo yanayodumu: utoto, ndoa, kazi, imani, jinsi wimbo fulani ulivyopatikana.

Mwanzoni kipindi kilirushwa moja kwa moja huko kilikotengenezwa. Mwaka 1965 mwigizaji Zsa Zsa Gabor alimtolea mchekeshaji Morey Amsterdam tusi zito hewani, na tangu hapo kila kitu kikarekodiwa kwanza.

Mwaka huohuo kipindi kilihama, na nyuma ya kuhama huko kulikuwa na ugomvi wa wakubwa. Mwaka 1956 NBC, ikijua kwamba vituo vya Westinghouse vinategemea vipindi vyake, iliibana kampuni hiyo ikubali kubadilishana vituo: NBC ichukue cha Philadelphia, Westinghouse ipewe cha Cleveland. Mambo yakafika serikalini na mahakamani, na katikati ya 1965 mabadilishano yakatenguliwa. Westinghouse ilirudi Philadelphia na herufi zake za KYW, ikamchukua na Douglas wake. Cleveland, iliyokilea kipindi kwa miaka mitatu na ushee, ilibaki bila kitu. Kwa upande wa watayarishaji, Philadelphia ilikuwa neema: New York iko umbali wa kilomita zipatazo 150 tu, na mwanamuziki angeweza kuja asubuhi kwa treni na kuwahi onyesho lake la usiku.

Kufikia 1967 kipindi kilionekana kupitia vituo 171, kikiwa na watazamaji wapatao milioni sita kwa siku. Matangazo ya biashara yaliingiza dola milioni 10.5 kwa mwaka, na yule mwimbaji wa dola 400 kwa juma sasa alilipwa zaidi ya nusu milioni kwa mwaka. Mwaka huo alipata tuzo ya Emmy ya televisheni ya mchana.

Muziki ndio ulioshika uti wa mgongo wa kipindi. Douglas alifungua kwa kuimba, na studio ilikuwa na wapigaji wake wa kudumu: Cleveland watatu wakiongozwa na mpiga piano Ellie Frankel, na Philadelphia, kuanzia 1967, bendi chini ya Joe Harnell, ambaye baadaye alitunga muziki wa tamthilia ya The Incredible Hulk. Orodha ya waliopita inashangaza kwa mchanganyiko wake. Barbra Streisand alikaa juma zima mwaka 1963, mwaka albamu yake ya kwanza ilipotoka, kabla nchi haijamjua. Rolling Stones walifika Juni 1964 katika ziara yao ya kwanza Marekani, wakiwa vijana wa nywele ndefu ambao wengi hawakujua wawafanye nini. Mwaka 1974 ilikuwa zamu ya bendi ya Kiss. Mpiga besi wake Gene Simmons, uso umepakwa rangi na mavazi yakiwa ya popobawa, aliketi kwenye safu ya wageni akijitangaza kuwa ni uovu wenyewe uliopata mwili, na mchekeshaji Totie Fields akamkata kauli kwa kusema kwamba chini ya rangi hiyo amemwona kijana mzuri tu wa Kiyahudi.

Mzaha wa Fields unaonyesha siri ya mpangilio huo. Wageni hawakupangwa kwa kabila la muziki wala kwa rika. Mwimbaji wa nyimbo za harusi, bondia, mpishi na mwanasiasa walikaa mstari mmoja, na aliyemaliza kuhojiwa hakuondoka. Alisogea kiti kimoja akabaki kuwasikiliza wenzake. Mtu aliyefungulia runinga kwa ajili ya wimbo aliotaka kuusikia alijikuta akimsikiliza mtu ambaye asingemkaribisha mlangoni kwake. Mwaka 1967, magazeti mengi yakiwa yanamshambulia Martin Luther King kwa kuipinga vita ya Vietnam, King aliketi hapo, mchana, akaulizwa juu ya msimamo wake na akajibu kwa utulivu mbele ya hadhira ambayo gazeti la siasa lisingeifikia.

Si kila aliyejifunza humo alijifunza wema. Miongoni mwa vijana waliofanya kazi nyuma ya kamera alikuwa Roger Ailes, mzaliwa wa Ohio, aliyeanza Cleveland kwa kubeba na kupanga vifaa vya jukwaani alipotoka chuoni. Alikuwa mwepesi wa kujifunza na mwepesi zaidi wa kupanda. Kabla hajafikisha miaka 28 alikuwa mtayarishaji mkuu wa kipindi chote. Mwaka 1967 Richard Nixon, aliyekuwa ameshindwa urais mwaka 1960 baada ya kuonekana vibaya kwenye mdahalo wa televisheni, alifika Philadelphia kama mgeni. Alipokuwa akisubiri zamu yake alilalamika kwamba mtu analazimika kutumia hila kama televisheni ili achaguliwe. Ailes alimwambia televisheni si hila, na kwamba asipolielewa hilo atashindwa tena. Haukupita muda mrefu akaajiriwa kwenye kampeni.

Alichomfanyia Nixon mwaka 1968 kilikuwa kipindi cha mchana kilichohamishiwa kwenye siasa. Mgombea aliwekwa katikati ya hadhira, bila meza, akaulizwa maswali na kikundi kidogo cha wananchi, watu wakapiga makofi, kamera zikachukua nyuso zilizofurahi. Mwandishi Joe McGinniss alikaa na timu hiyo na kuandika kitabu, The Selling of the President 1968, kilichowafumbua wengi macho kuhusu namna urais unavyoweza kuuzwa kama bidhaa nyingine. Ailes aliendelea: mwaka 1996 alianzisha na kuongoza Fox News, na mwaka 2016 aliondolewa huko kwa tuhuma za kuwanyanyasa wanawake kingono. Anayetaka kuelewa siasa za runinga za Marekani hana budi kupita kwenye studio ile ya Philadelphia, mahali kijana mmoja aligundua kwamba mtazamaji humwamini mtu kabla hajayaamini maneno yake.

Miaka mitatu na ushee baada ya Nixon kushinda, studio ileile ilimkaribisha mtu ambaye serikali ya Nixon ilitaka aondoke nchini.

Juma la tarehe 14 hadi 18 Februari 1972, watangazaji wenza wa Mike Douglas walikuwa mwanamuziki John Lennon na mkewe Yoko Ono. Bendi yake ya Beatles ilikuwa imevunjika, Lennon alikuwa akiishi New York na kushirikiana na wapinzani wa vita, na hakuna jukwaa la usiku lililompa alichopewa hapa: saa za kutosha, siku tano mfululizo, na haki ya kuchagua sehemu ya wageni. Aliitumia haki hiyo vilivyo. Wakaja Ralph Nader, mtetezi wa walaji. Jerry Rubin, mwanaharakati aliyekuwa ameshitakiwa kwa ghasia za Chicago za 1968. Mchekeshaji George Carlin. Na Bobby Seale, mwenyekiti wa chama cha Wamarekani weusi cha Black Panther.

Seale ndiye aliyepaswa kuwa kitisho. Kwa Wamarekani wengi weupe Black Panther ilimaanisha bunduki na koti jeusi la ngozi. Mchana huo alizungumza kwa upole kuhusu kazi za chama mitaani, na kazi hizo zilikuwa za kweli: kifungua kinywa cha bure kwa watoto wa shule, viatu vya bure, vipimo vya selimundu kwa watu weusi waliosahauliwa na hospitali. Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia nyingine ya kuijua habari hiyo, kwani mwaka huohuo wa 1972 Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho huko Kansas City, alifika Tanzania akiikimbia hukumu ya kesi ya silaha, akaweka makazi kwenye kijiji cha Imbaseni karibu na Arusha, na kwa miongo mingi kituo chake cha jamii kimefundisha na kulea watoto wa huko.

Rubin hakuwa mpole. Mazungumzo yake na Douglas yalipanda joto, na mwenyeji, mtu wa adabu za zamani, hakuficha kwamba hakupendezwa. Lennon aliingilia mara kwa mara kuwatafsiria pande zote mbili. Ono, kwa upande wake, alileta sanaa yake iliyowafanya hata wakosoaji wa New York wakune vichwa: kikombe kilichovunjwa kilianza kugundishwa Jumatatu, kipande kwa kipande, hadi kikawa kizima Ijumaa, na watu wasiojulikana walipigiwa simu na kuambiwa wanapendwa. Mambo hayo yalirushwa katikati ya matangazo ya sabuni na nafaka za asubuhi, kwa watu ambao hawakuwahi kuingia kwenye jumba la sanaa.

Kisha Chuck Berry. Lennon alikuwa amemwabudu tangu utotoni Liverpool, na hawakuwahi kupiga pamoja. Siku hiyo walisimama na bendi ya Elephant's Memory wakapiga nyimbo mbili za Berry, "Memphis, Tennessee" na "Johnny B. Goode". Furaha kwenye uso wa Lennon inaonekana wazi kwenye kanda. Anamtazama mzee wake kuliko anavyoitazama kamera. Katikati ya wimbo Ono anapaza ule ukelele wake, na macho ya Berry yanatoka pima. Juma hilohilo Lennon aliimba "Imagine" akiwa kwenye piano.

Siku kumi kabla ya kanda hizo kuanza kurushwa, tarehe 4 Februari, Seneta Strom Thurmond alikuwa amewaandikia wakubwa wa serikali akipendekeza kwamba hatua dhidi ya Lennon zikichukuliwa mapema, maumivu mengi ya kichwa yataepukwa. Mwezi Machi idara ya uhamiaji ilianza hatua za kumfukuza. Kesi ilivuta hadi Julai 1976, alipopata kibali cha ukaazi wa kudumu. Nixon alikuwa ameshajiuzulu kitambo.

Yapo majuma mengine yanayostahili kukumbukwa. Julai 1974 Muhammad Ali alikutana kwenye viti vile na mwanamuziki Sly Stone na mbunge Wayne Hays. Ali, aliyekuwa kwenye maandalizi ya kwenda Kinshasa kupigana na George Foreman, alikuja na hasira halisi juu ya ubaguzi. Sly alikuja na mzaha. Mbunge alijaribu kubishana. Hakuna aliyewapatanisha kwa nguvu. Douglas aliwaacha waseme, na dakika hizo bado zinauma kuzitazama. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba, Foreman aliangushwa kwenye raundi ya nane.

Mwaka 1978 kipindi kilihamia Los Angeles, kwenye nyota wenyewe. Oktoba mwaka huo mtoto wa miaka miwili aliletwa jukwaani na baba yake akiwa na fimbo ndogo ya gofu, akapiga mpira mbele ya mchekeshaji Bob Hope na mwigizaji James Stewart. Aliitwa Tiger Woods.

Kwa vipimo vya kawaida kuhamia Hollywood kulikuwa kupanda daraja, lakini kipindi kilipoteza kitu. Los Angeles mgeni hutoka nyumbani kwake, huongea, hurudi kwake kabla ya chakula cha jioni. Haja ya kumweka siku tano ilikuwa imekwisha, na pamoja nayo ule mtindo wa watu wa kila aina kuzoeana mbele ya kamera. Wakati huohuo Phil Donahue, aliyeanza mwaka 1967 katika mji mwingine wa Ohio, Dayton, alikuwa ameonyesha njia nyingine: mgeni mmoja, suala moja, hakuna bendi, na kipaza sauti kinapelekwa kwa watazamaji ukumbini waulize wenyewe. Donahue aliwaheshimu wanawake wa mchana kwa namna ambayo televisheni haikuwa imewahi, na heshima hiyo inamstahili. Pia aligharimu kidogo, kwa sababu hakuhitaji wapiga tarumbeta.

Mwaka 1980 Westinghouse ilimwambia Douglas kwamba nafasi yake inachukuliwa na John Davidson, mwimbaji kijana zaidi. Alijaribu kuendelea kwa kampuni nyingine, lakini kipindi kilikufa mwanzoni mwa muongo huo. Baltimore, kwenye kituo cha Westinghouse hiyohiyo, mwanamke kijana aitwaye Oprah Winfrey alikuwa ameanza mwaka 1978 kuendesha kipindi cha asubuhi cha mazungumzo. Alipofika taifa zima mwaka 1986 alifuata njia ya Donahue. Kwa miaka kadhaa mchana wa Marekani ukawa wa maungamo na ugomvi wa kifamilia, na waimbaji wakabaki kwa vipindi vya usiku.

Muziki ulirudi mwaka 1996 kupitia Rosie O'Donnell, mchekeshaji aliyekua akimtazama Mike Douglas na mwenyeji mwingine wa mazungumzo, Merv Griffin, baada ya shule, na aliyesema waziwazi kwamba anataka kuirudisha televisheni ile, akiwa na bendi studioni na waigizaji wa Broadway wakiimba mchana kweupe. Douglas alikuwa hai kuliona hilo. Alifariki Florida mwaka 2006, siku aliyotimiza miaka 86. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Kelly Clarkson, mwimbaji kwa kazi yake, ambaye alifungua kipindi kwa wimbo wa mtu mwingine, bendi ikiwa nyuma yake, kabla ya kuketi na mgeni. Na juma la Lennon na Ono lilipata filamu yake ya kumbukumbu mwaka 2024, Daytime Revolution ya Erik Nelson, ambamo baadhi ya wageni wa siku zile, Nader akiwa mmoja wao, wanasimulia wenyewe jinsi walivyojikuta wameketi mbele ya akina mama milioni kadhaa waliokuwa wakisubiri kusikia wimbo.